Kutambua vyombo, vizimba na gugu maji kwa umbo katika picha za rada za Ziwa Victoria: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudiwa sana na wanafunzi, maofisa uvuvi na watu wa ramani wanaoanza kutumia picha za rada kwa Ghuba ya Mwanza, Ghuba ya Speke na maji ya Ukerewe. Kila jibu linajitegemea. Penye haja utaelekezwa kwenye namba ya swali jingine.

## Mambo ya msingi

1. Picha ya rada ina faida gani kuliko picha ya kawaida ya setilaiti?

Rada hutuma mawimbi yake yenyewe na kupima mwangwi unaorudi, kwa hiyo haihitaji jua na haizuiwi na mawingu ya kawaida. Kanda ya Ziwa ina miezi ambayo picha za kawaida hujaa mawingu wiki hadi wiki, ndiyo maana rada ina thamani hapa.

Maji yaliyotulia huakisi mawimbi kwenda mbali na setilaiti, hivyo huonekana meusi. Chuma, kuta zilizosimama wima juu ya maji na majani yaliyorundikana hurudisha mwangwi, hivyo hung'aa. Unachokiona ni nguvu ya mwangwi, wala si rangi. Paa la bati na mwamba wa mawe vinaweza kung'aa sawasawa.

2. Picha za bure zinapatikana wapi, na setilaiti hupita Mwanza saa ngapi?

Zinazotumika zaidi ni za Sentinel-1, za Ulaya. Sentinel-1A ilirushwa Aprili 2014. Sentinel-1B ilirushwa 2016 na kuharibika Desemba 2021. Sentinel-1C ilirushwa Desemba 2024, na Sentinel-1D Novemba 2025. Picha hupakuliwa bila malipo kwenye Copernicus Data Space au Alaska Satellite Facility, na zimo pia kwenye Google Earth Engine. Tafuta aina ya IW GRD, yaani picha za mng'ao zilizokwisha kutayarishwa za upigaji wa mkanda mpana: upana wake ni kilomita 250, kwa hiyo picha moja hubeba eneo kubwa la kusini mwa ziwa.

Setilaiti moja hurudi kwenye njia ileile kila baada ya siku 12. Kwa Mwanza hupita karibu saa moja kasorobo, asubuhi ikishuka kuelekea kusini na jioni ikipanda kuelekea kaskazini, kutegemea ratiba ya upigaji. Saa iliyoandikwa kwenye jina la faili ni ya UTC. Ongeza saa tatu kabla ya kulinganisha na ratiba ya kivuko. Saa hiyo ina maana kubwa kwa kazi ya uvuvi: jioni ndiyo kwanza mitumbwi ya dagaa inatoka mialoni, na asubuhi mingi imesharudi.

3. "Umbo" linalozungumzwa hapa ni lipi?

Ni mambo mawili, na wengi huyachanganya. La kwanza ni umbo la muhtasari: urefu, upana, eneo na mzingo wa doa linalong'aa. La pili ni umbo la uso wa mng'ao. Hapo kila pikseli hupewa kimo kulingana na mng'ao wake, halafu tunauliza kama mahali hapo ni kilele, mgongo, bonde au tambarare. Umbo la pili halitegemei sana mahali ulipochora mpaka wa kitu, na ndilo linalosaidia zaidi vitu vikiwa vidogo. Maelezo kamili yako swali la 12.

4. Kitu kiwe kikubwa kiasi gani ndipo umbo lake lipimike?

Jiulize swali hili kabla ya kuandika mstari wowote wa programu. Pikseli ya IW GRD ni mita 10, lakini uwezo halisi wa kutenganisha vitu viwili ni karibu mita 20 kila upande. Kazi yetu tunaiendesha kwa kanuni hii: doa lenye pikseli chini ya 15 lina mahali na nguvu tu, umbo halina. Likiwa na pikseli 15 hadi 40, uwiano wa urefu kwa upana na idadi ya vilele vinaweza kuaminiwa kwa tahadhari. Likizidi 40, vipimo vingi huanza kuwa na maana.

MV Mwanza Hapa Kazi Tu ina urefu wa mita 92.6 na upana wa mita 17. Hiyo ni takribani pikseli tisa kwa mbili, yaani hata meli kubwa kabisa ya abiria iko kwenye mpaka wa chini. Ripoti ikidai imetofautisha mtumbwi wa sangara na mtumbwi wa dagaa kwa umbo ndani ya Sentinel-1, usiiamini.

5. Kwa hiyo mtumbwi hauonekani kabisa?

Wakati mwingine huonekana kama nukta, bila umbo. Mtumbwi wa mbao wa mita 7 hadi 10 ni mdogo kuliko pikseli moja ya kweli, na mbao hurudisha mwangwi hafifu kuliko chuma. Injini, mitungi na sahani za chuma huongeza mwangwi. Mitumbwi kadhaa iliyofungwa pamoja mwaloni hutoa doa moja kubwa ambalo programu huliita meli. Maji yakiwa shwari nafasi ya kuuona huongezeka. Upepo ukivuma, nukta huzama katika mng'ao wa mawimbi.

Ukihitaji umbo la mtumbwi, tafuta picha za rada za mita 1 au chini yake kutoka kampuni kama ICEYE, Capella au Umbra. Hizo hununuliwa, ingawa Umbra ina mkusanyiko wa picha za bure za kujifunzia.

## Kuandaa picha

6. Hatua za SNAP zifuatane vipi?

SNAP ni programu ya bure ya kuchakata picha za Sentinel. Anza na faili la obiti, yaani taarifa za njia halisi ya setilaiti. Lile sahihi zaidi hutoka takribani wiki tatu baada ya picha kupigwa. Kama huwezi kusubiri, tumia la muda, tofauti yake kwa kazi hii ni ndogo. Kisha ondoa kelele ya joto, hasa kwenye VH (swali la 10), la sivyo utaona mistari angavu kwenye mishono ya vipande vya picha na programu itaisoma kama vitu. Fuata na usawazishaji wa sigma sifuri, yaani kugeuza namba za picha kuwa kipimo sanifu cha mwangwi, halafu ficha nchi kavu (swali la 7), tafuta vitu, pima umbo. Usahihishaji wa kijiografia uje mwishoni.

Sababu ya kuuweka mwishoni ni kwamba huzalisha pikseli upya kwa kuchanganya zile za jirani, na kwa kitu chenye pikseli 18 mchanganyiko huo hubadilisha umbo. Ila kuna mtego: kabla ya usahihishaji, picha ya kupanda huonekana imepinduliwa juu chini, na ya kushuka imegeuzwa kushoto kulia. Urefu na upana haviathiriki. Mwelekeo wa chombo huathirika, kwa hiyo usiandike "kinaelekea kaskazini mashariki" kabla ya kugeuza pembe.

7. Nimeamuru programu ifiche nchi kavu na ziwa lote limetoweka. Kwa nini?

Kwa sababu chaguo la kawaida la SNAP hutumia ramani ya miinuko ya SRTM na kuchukulia kila mahali penye kimo kuwa ni nchi kavu. Kwa bahari inafaa. Uso wa Ziwa Victoria uko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo nao huhesabiwa kuwa ni ardhi.

Dawa ni kupakia poligoni ya ziwa, iwe shapefile yenye visiwa vilivyokatwa, na kuchagua kuficha kwa vekta. Punguza poligoni kwa mita 50 hadi 100 kuingia majini ili kuepuka matete, magati na mawe ya ufukweni. Usitumie mstari wa ufukwe wa zamani bila kuukagua: maji yalipanda sana mwaka 2020 na tena 2024, na sehemu tambarare zilifunikwa. Poligoni iliyochorwa wakati maji yako juu, ikitumika kwenye picha ya maji yaliyoshuka, hukuletea safu ya "meli" kando ya ufukwe.

8. Vitu vyangu vyote vimesogea kilomita moja na nusu. Nimekosea wapi?

Kimo tena. Ukisahihisha picha kana kwamba maji yako usawa wa bahari, kosa la mlalo ni kimo kugawanya kwa tanjiti ya pembe ya mwanguko, yaani pembe kati ya mwali wa rada na mstari wa wima. Kwa mita 1,134 na pembe ya nyuzi 35, hiyo ni karibu mita 1,620. Tumia usahihishaji wa Range-Doppler wenye ramani ya miinuko, au weka kimo cha ziwa mwenyewe. Kisha kagua kwa kitu kisichosogea: ncha za Daraja la J.P. Magufuli (Kigongo–Busisi), gati la Mwanza Kaskazini, au kisiwa kidogo cha mawe.

Kama kilichosogea ni kitu kimoja tu na vingine viko sawa, tatizo si hilo. Soma swali la 19.

9. Nichuje chenga kwanza?

Kabla ya kutafuta vitu vidogo, hapana. Chenga za rada, zile punje nyeusi na nyeupe zinazofanana na za televisheni isiyoshika mawimbi vizuri, hutokana na mawimbi kujumlishana na kufutana ndani ya pikseli. Kwenye GRD ya Sentinel-1, eneo lenye mng'ao sawa bado hucheza kwa karibu asilimia 48 ya wastani wake. Chujio la Lee la 5 × 5 hutuliza hali hiyo, lakini humwaga mng'ao wa kitu chenye pikseli tatu hadi kikafanana na maji.

Kwa gugu maji na visiwa, chujio ni sawa kabisa. Kwa vyombo, tafuta kwenye picha isiyochujwa, kisha fanya ulainishaji mdogo ndani ya kipande cha kila kitu kilichopatikana (swali la 12). Ukiwa na picha nyingi za njia ileile, wastani wake hukupa mandharinyuma safi bila kumgusa mlengwa wa leo.

10. VV au VH?

Zote mbili, kwa kazi tofauti. VV ni mawimbi yaliyotumwa na kupokewa yakiwa wima, VH ni yaliyotumwa wima na kupokewa mlalo. VV huona mawimbi ya upepo sana, kwa hiyo maji huwa angavu na vitu vidogo hupotea. Kwenye VH maji hubaki meusi, mara nyingi karibu na kelele ya rada yenyewe, na vyuma hujitokeza vizuri zaidi. Tafuta vyombo kwenye VH. Pima umbo kwenye zote mbili na uhifadhi tofauti ya VV na VH kwa desibeli (kipimo cha logariti cha nguvu ya mwangwi), kwani majani hutoa VH nyingi kiasi, ilhali mwamba laini hutoa kidogo.

## Kupata na kupima

11. Kizingiti cha kutenganisha kitu na maji kiwekwe vipi?

Usiweke namba moja kwa ziwa zima. Upepo wa Ghuba ya Speke unaweza kuwa tofauti kabisa na wa Ghuba ya Mwanza saa ileile. Tumia kizingiti kinachojirekebisha: kwa kila pikseli programu hupima maji ya pembeni na kuuliza kama pikseli hiyo imezidi kiasi cha ajabu. Kuna madirisha matatu. La mlengwa ni dogo. Ukanda wa ulinzi lazima uzidi urefu wa chombo kikubwa unachotarajia, na mita 250 hadi 300 hutosha hapa. Ukanda wa mandharinyuma uende mpaka mita 600 au 800. Ukanda wa ulinzi ukiwa mfupi, chombo chenyewe huingia kwenye hesabu ya maji, kizingiti hupanda, na chombo hujificha.

Karibu na ufukwe tatizo hilohilo huja kwa sura nyingine: ukanda wa mandharinyuma hugusa nchi. Hakikisha programu inahesabu pikseli za maji peke yake, na iruke mahali zinapobaki chache mno.

Kiwango cha kengele za uongo kianzie moja kwa milioni. Kumbuka kilomita mraba moja ina pikseli 10,000, hivyo kilomita mraba 1,000 zina milioni 10. Hata kwa kiwango hicho utegemee kengele kama 10 zinazotokana na bahati tu. Upepo usio sawa huziongeza.

12. Nipime nini hasa, na kwa hatua zipi?

Vipimo vya muhtasari ni vyepesi: eneo, urefu na upana wa mstatili mdogo unaokizunguka kitu, uwiano wa hivyo viwili, mshikamano (4π × eneo ÷ mzingo mraba), na ujazo, yaani eneo la kitu kugawanya kwa eneo la umbo dogo lisilo na mbonyeo linalokizunguka. Duara lina mshikamano wa 1, mraba 0.785, mstatili wa tano kwa moja karibu 0.44. Mzingo wa pikseli una ngazingazi, hivyo thamani zako hazitalingana na hizi kwa vitu vidogo. Linganisha vitu vilivyopimwa kwa njia ile ile tu.

Vipimo vya uso wa mng'ao ndivyo vyenye utajiri. Kata kipande cha pikseli 41 × 41 chenye kitu katikati. Kigeuze kuwa desibeli. Ukibaki kwenye nguvu halisi, kona moja ya chuma itazidi kila kitu na sehemu nyingine za chombo zitaonekana bapa. Zidisha ukubwa wa kipande mara mbili kwa kukadiria thamani za pikseli za katikati, kisha lainisha kwa Gauss yenye sigma ya pikseli 1.5 za awali. Kokotoa derivativu za pili: ya mlalo, ya wima na ya mchanganyiko. Kutoka kwenye matriki ya hizo, pata mipindo miwili mikuu, k1 kubwa na k2 ndogo.

Sasa kila pikseli ina jina. Mipindo yote ikiwa hasi, ni kilele. Mmoja ukiwa hasi sana na wa pili karibu sifuri, ni mgongo. Alama zikipingana, ni tandiko, yaani mapito kati ya vilele viwili. Mmoja chanya na wa pili karibu sifuri ni bonde, yote chanya ni shimo, na yote karibu sifuri ni bapa. Kiashiria kimoja kinachobeba majina haya ni S = (2/π) × arctan[(k1 + k2) ÷ (k1 − k2)], kilichopendekezwa na Koenderink na van Doorn mwaka 1992. Kwa fomula iliyoandikwa hivi, kilele ni −1, mgongo −0.5, tandiko 0, bonde 0.5 na shimo 1. Kazi ya shape_index ya scikit-image, maktaba ya Python ya kuchakata picha, hugeuza alama, kilele kikawa +1. Tengeneza kilima cha kubuni ukijaribu kabla ya kuamini alama yoyote.

S peke yake hudanganya, kwa kuwa kilima kidogo cha chenga kina S sawa na ya meli. Ambatanisha nayo ukubwa wa mpindo, yaani kipeuo cha pili cha (k1² + k2²) ÷ 2, na tupa pikseli zote ambazo mpindo wake hauzidi ule wa maji ya jirani. Mwishoni hifadhi kwa kila kitu: idadi ya vilele, urefu wa mgongo mrefu kuliko yote, umbali kati ya vilele jirani, na asilimia ya sehemu bapa.

13. Kwa nini urefu na upana ninaopima unazidi ukweli?

Rada hutandaza kila nukta kwa kadiri ya uwezo wake wa kutenganisha. Ongezeko la kama mita 20 kwenye urefu na mita 20 kwenye upana si la ajabu. Meli ya mita 92.6 kwa 17 hupimwa karibu 112 kwa 37, na uwiano wake wa 5.4 hushuka hadi 3. Kwa hiyo usiweke kanuni ya "meli ni uwiano unaozidi 4" ukadhani umeokoka, utazikosa zote.

Tatizo la pili ni msalaba. Chuma kinachong'aa sana hutoa mikono minne inayofuata pande mbili za picha, na kizingiti cha chini huihesabu kama sehemu ya chombo. Dalili yake ni ujazo mdogo na vilele vilivyopangwa sambamba na kingo za picha. Pandisha kizingiti ndani ya kipande hicho hadi desibeli 10 au 12 chini ya kilele, kisha upime upya.

14. Vipi kuhusu momenti za Hu na za Zernike zinazosomwa vitabuni?

Momenti ni namba zinazofupisha jinsi mng'ao ulivyosambaa ndani ya kitu. Momenti saba za Hu, za mwaka 1962, hazibadiliki kitu kikizungushwa au kukuzwa. Majaribio mengi maarufu ya aina hii hufanywa kwa MSTAR, mkusanyiko wa magari ya kijeshi ya nchi kavu yaliyopigwa kwa uwezo wa futi moja. Hapo kitu kina mamia ya pikseli. Kwenye Sentinel-1, momenti za juu hutawaliwa na chenga. Tumia mbili za kwanza na uachane na zilizobaki.

## Vitu vya ziwani, kimoja kimoja

15. Meli na vivuko vinaonekanaje?

Mgongo mmoja ulionyooka wenye kilele kimoja hadi vitatu, mara nyingi pale penye jengo la abiria au ukuta mrefu unaotazama rada. Sehemu bapa ni ndogo. Chombo kinachoonyesha ubavu kwa setilaiti hung'aa zaidi kuliko kinachoonyesha pua, kwa hiyo chombo kilekile kinaweza kutofautiana sana picha hadi picha. Linganisha na taarifa za AIS, mfumo wa chombo kujitangaza kwa redio mahali kilipo, inapowezekana. Meli kubwa huzituma, mitumbwi haina.

16. Vizimba vya samaki je?

Kizimba kimoja cha sato mara nyingi ni kidogo mno. Kinachotambulika ni kundi: vilele vidogo vilivyo na umbali unaokaribiana, kwenye mstari au safu mbili, pamoja na kibanda cha mlinzi kinachong'aa kuzidi vyote. Kipimo kinachofaa ni tofauti ya umbali kati ya vilele jirani: ikiwa ndogo, mpangilio ni wa mikono ya watu. Fremu za chuma huonekana vizuri. Pete za plastiki huonekana hafifu, hasa kunapokuwa na mawimbi.

Ushahidi wenye nguvu zaidi ni kudumu. Chukua picha 10 au zaidi za njia ileile na utafute wastani. Mitumbwi hufifia, vizimba hubaki.

17. Gugu maji hutofautianaje na chombo kikubwa?

Zulia la gugu maji lina uso bapa au wenye vilele vingi visivyo na mpangilio, kingo zilizochanika, ujazo mdogo na VH ya juu kiasi. Upepo hulivuta likawa refu, na hapo uwiano wa urefu kwa upana humdanganya mgeni. Angalia asilimia ya sehemu bapa na ukubwa wa mpindo: chuma hupanda ghafla, majani hupanda taratibu. Halafu angalia picha inayofuata. Zulia huwa limehama, limegawanyika au limesukumwa kwenye hori.

Zulia jembamba lililotawanyika kwa vipande vidogo hutoka sawa na maji yenye mawimbi, na hapo rada peke yake haitoshi. Subiri picha ya kawaida isiyo na mawingu.

18. Mawe na Daraja la Kigongo–Busisi?

Mawe kama yale ya Bismarck huwa kilele kimoja kikali, mahali palepale, kila picha. Tengeneza orodha yake mara moja kutoka kwenye wastani wa picha nyingi, uyaondoe yote kabla ya kutafuta vyombo. Maji yakishuka, mawe mapya hujitokeza. Sasisha orodha kila mwaka.

Daraja, lililofunguliwa Juni 2025, lina urefu wa karibu kilomita 3 na huonekana kama mgongo mrefu unaokatiza ghuba. Lifiche kwa poligoni. Vitabu husema daraja juu ya maji hutoa mistari mitatu sambamba kwa sababu ya mwangwi unaodunda majini. Hilo hutokea vizuri daraja likikatiza upande rada inakotazama. Hili limelala mashariki–magharibi, karibu sawa na mtazamo wa Sentinel-1, kwa hiyo usishangae ukiona mstari mmoja wenye vinundu.

## Mambo yanayotatanisha

19. Kivuko kinaonekana mita mia tatu nje ya njia yake, au hata nchi kavu. Inawezekana?

Inawezekana kabisa. Rada hupanga vitu kwenye mstari wa safari yake kwa kutumia mabadiliko ya masafa, na mwendo wa chombo huchafua hesabu hiyo. Msogeo ni umbali wa setilaiti kugawanya kwa kasi yake, mara kasi ya chombo kuelekea setilaiti. Kwa umbali wa kilomita 850 na kasi ya kilomita 7.6 kwa sekunde, kila mita moja kwa sekunde husogeza kitu kama mita 112. Kivuko cha noti 10 (kama mita 5 kwa sekunde) kinachosafiri moja kwa moja upande wa rada, kwa pembe ya nyuzi 35, husogea karibu mita 330. Kikikaribia setilaiti husogea kuelekea inakokwenda. Kikiiacha, husogea nyuma. Kinachosafiri sambamba na setilaiti hakisogei hivyo, ila hufifia na kurefuka.

Ukiona mkia wa maji ya nyuma ya chombo, umbali kati ya mkia na chombo hukupa kasi yake. Na kumbuka: poligoni ya kuficha nchi kavu inaweza kumfuta kivuko aliyesukumwa ufukweni namna hii.

20. Kuna nukta za mzimu katikati ya ziwa, mbele ya jiji. Ni nini?

Ni vivuli vya mwangwi wa majengo ya Mwanza vilivyonakiliwa kando ya mstari wa safari ya setilaiti, kwa Sentinel-1 umbali wa kilomita 5 hivi. Pima umbali na mwelekeo: kama upande wa pili kuna kitu kinachong'aa sana, kwa mfano eneo la viwanda, mabati mengi au gati, futa nukta hiyo. Huonekana zaidi maji yakiwa shwari.

21. Mvua na upepo huharibu nini?

Mvua kubwa ya radi inaweza kuleta doa angavu lenye kingo laini na bapa pana, kwa sababu matone hupiga maji na kuyachafua. Umbo lake humfanya aitwe gugu maji. Picha za asubuhi zihukumiwe kwa uangalifu zaidi, kwa kuwa radi za ziwani hupendelea usiku na alfajiri. Upepo ukikatika kabisa, maeneo meusi yenye kingo kali hutokea, na mpaka kati ya maji meusi na yenye mawimbi husomwa kama mgongo mrefu. Tupa kila mgongo unaozidi mita 300.

22. Kompyuta ifundishwe kwa sampuli ngapi?

Kwa vipimo vinane au kumi vya hapo juu, msitu wa maamuzi (random forest) hufanya kazi nzuri ukiwa na sampuli 100 hivi zilizothibitishwa kwa kila kundi. Mitandao mikubwa ya neva haina faida hapa. Pikseli 18 hazina siri ya kutosha kuifundisha.

Kosa kubwa ni kugawa sampuli kwa bahati nasibu. Mwamba uleule ukiwa kwenye mafunzo na kwenye mtihani, alama zitakuwa nzuri na hazitakuwa na maana. Gawa kwa tarehe na kwa eneo: fundisha kwa Ghuba ya Mwanza, pima kwa Ghuba ya Speke. Toa matokeo kwa kila kundi, si jumla moja, kwani mawe yakiwa mengi yatapandisha wastani huku meli zikikosewa zote.

23. Je, njia hii inafaa kutafuta chombo kilichopata ajali au kushtaki uvuvi haramu?

Kwa uokoaji, hapana. Picha inaweza kuwa ya siku kadhaa nyuma, na hata ikipigwa leo huchukua saa kadhaa kufika. Chombo kikipotea, toa taarifa mara moja kwa polisi, BMU (kikundi cha usimamizi wa mwalo) na mamlaka za vyombo vya majini, usisubiri setilaiti.

Kwa uvuvi, picha inaweza kuonyesha kwamba eneo fulani lina vyombo vingi kila mara, na hilo linasaidia kupanga doria. Haionyeshi nyavu, haionyeshi leseni, na nukta ya pikseli nne haina jina la mwenye mtumbwi. Ukiandika ripoti, taja kwa kila kitu idadi ya pikseli zake na kizingiti kilichotumika, na andika "hakijatambuliwa" pale pikseli zinapopungua 15.